Risala ya Wapenzi wa Safari Rally Kuhusu Kanuni Zisizotulia na Timu Zinazotishia Kuondoka

Kwa Rais wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA). Kwa wenye haki za biashara za Mbio za Magari za Dunia (WRC). Kwa wakuu wa timu za Toyota, Hyundai na M-Sport Ford. Na kwa Serikali ya Jamhuri ya Kenya.

Waheshimiwa,

Tunawashukuru kwa kuirudisha Safari Rally kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje miaka 19. Shukrani hizi ni za dhati. Tuliokuwa Naivasha Juni ya mwaka huo tuliona jinsi barabara zetu zisivyomwogopa mtu: Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza, akavunjikiwa shokomzoba kwenye mkondo wa Loldia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Hiyo ndiyo Safari tuliyoijua, na ndiyo tunayoililia katika risala hii.

Tunaandika kwa sababu tumechoka kusikia habari za mbio hizi kupitia ugomvi. Kila baada ya muda mfupi kanuni zinaguswa: betri inaingia, betri inatoka, uzito unapanda, uzito unashuka. Kanuni ikiguswa, kiwanda kimoja kinasema kinafikiria upya mustakabali wake. Waandishi wanakimbilia kuuliza kama mashindano yatabaki na timu mbili au moja, wakubwa wanakutana kwa faragha, na baada ya wiki kadhaa linatoka tangazo. Katika vikao vyote hivyo hatujasikia mtu akiuliza nchi mwenyeji itabaki na nini, wala dereva aliyeuza shamba anunue gari la mashindano atalipeleka wapi.

Haki yetu ya kusema ni kongwe. Mbio hizi zilianza 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, zikaingia katika ubingwa wa dunia ulipoanzishwa mwaka 1973. Bert Shankland alitoka Tanzania na Peugeot 404 akashinda 1966, akarudi 1967 akashinda tena. Joginder Singh alishinda 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, kisha akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari katika Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika hata lita moja, akaongoza daraja lake. Mwaka uliofuata Ian Duncan akashinda mbio zote kwa Toyota Celica. Tangu siku hiyo hakuna dereva wa Afrika Mashariki aliyeishinda Safari ikiwa mbio ya ubingwa wa dunia.

Hatudai kwamba madereva wetu wa leo wangewashinda mabingwa wa dunia kama wangepewa magari sawa. Tunachosema ni kwamba zamani kanuni ziliacha mlango wazi. Magari ya mashindano yalikuwa ndugu wa karibu wa yale yaliyouzwa madukani, vipuri vyake vilipatikana Nairobi na Dar es Salaam, na fundi aliyelijua gari la mteja aliweza kulijua la mashindano. Mlango huo umefungwa kidogo kidogo, kanuni moja baada ya nyingine, bila sisi kuulizwa.

Tuchukue mfano wa karibu. Februari 2024 Baraza la Dunia la Michezo ya Magari la FIA lilitangaza kwamba kuanzia 2025 magari ya daraja la juu, Rally1, yangeondolewa mfumo wa haibridi, yaani injini inayosaidiwa na betri, na kupunguzwa nguvu, huku yale ya daraja linalofuata, Rally2, yakiongezewa vifaa ili pengo kati yao lipungue. Haibridi ilikuwa imeingizwa 2022 tu, na timu zilikuwa zimetumia fedha nyingi kuijengea magari mapya. Timu zikapinga kwa pamoja. Juni mwaka huohuo Baraza likarudi nyuma na kusema kanuni zibaki zilivyo hadi mwisho wa 2026. Tukashusha pumzi. Novemba likaja tangazo jingine: haibridi inaondoka 2025 baada ya yote, uzito wa chini unashuka kutoka kilo 1,260 hadi 1,180, na kizuizi cha hewa inayoingia kwenye injini kinabanwa kutoka milimita 36 hadi 35. Maamuzi matatu ndani ya miezi tisa, juu ya jambo lilelile.

Wengi wetu tulifurahi haibridi ilipoondoka. Lilikuwa sanduku ghali lililofungwa kwa lakiri, hata fundi wa timu yenyewe hakuruhusiwa kulifungua. Lakini uamuzi mzuri ukitolewa kwa kuyumba unavunja imani sawa na uamuzi mbaya. Mkurugenzi wa kiwanda anayeombwa aidhinishe bajeti ya miaka mitatu hawezi kuitetea mbele ya bodi yake ikiwa kanuni zenyewe hazidumu mwaka. Hapo ndipo vitisho vya kuondoka vinapopata nguvu, na katika hilo viwanda vina hoja.

Hata hivyo, viwanda navyo vina deni kwetu. Mitsubishi iliondoka baada ya msimu wa 2005. Suzuki na Subaru ziliondoka Desemba 2008, siku chache moja baada ya nyingine, na Petter Solberg, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2003, ikambidi aanzishe timu yake mwenyewe na kurudi barabarani na Citroën Xsara kuukuu. Volkswagen ilitwaa ubingwa miaka minne mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2016, kisha ikatangaza kuondoka mwishoni mwa msimu huo wa 2016. Polo mpya ilikuwa imekwisha kutengenezwa na kufanyiwa majaribio kwa kanuni mpya za 2017, na haikushindana hata siku moja katika WRC. Citroën ikaaga mwishoni mwa 2019, Ogier alipoihama. Sababu hazikuwa moja: kuna mdororo wa uchumi, kuna kashfa ya moshi wa dizeli ya Volkswagen, kuna dereva aliyehama. Lakini kila aliyeondoka aliondoka huru, bila kumlipa yeyote chochote kwa pengo aliloacha.

Matokeo yanaonekana kwetu. Kati ya 1996 na 2002 ushindi wa Safari ulikwenda kwa Subaru, Mitsubishi na Ford kwa kupokezana. Kuanzia 2021 hadi 2025 ushindi wote umekwenda kwa Toyota, na mwaka 2022 na 2023 Toyota ilichukua nafasi zote nne za juu. Hatuilaumu Toyota. Imekuja imejiandaa, imeiheshimu Safari, na inastahili kila kombe. Lakini mashindano yenye timu tatu tu za daraja la juu yako kwenye ukingo: ikiondoka moja, theluthi nzima imekwenda.

Yupo atakayesema vitisho ni maneno ya mezani tu, na kwamba wakubwa hutisha ili wapate wanachotaka kisha wakabaki. Tunamwomba mtu huyo auangalie mwaka 2009 katika Formula One. FIA chini ya rais wake wa wakati huo, Max Mosley, ilitaka kila timu isitumie zaidi ya pauni milioni 40 kwa mwaka, na timu zitakazokubali zipewe uhuru zaidi wa kiufundi. Ferrari ikaenda mahakamani Paris kuzuia mpango huo, ikashindwa. Mwezi Juni timu nane zikatangaza kwamba zitaanzisha mashindano yao wenyewe. Ndani ya siku chache yakafikiwa maafikiano, kikomo kile kikawekwa kando, na Mosley akakubali kutogombea tena. Waliotisha kwa sauti kubwa zaidi wakabaki, Ferrari ikiwa mbele yao, na wakapata walichotaka.

Walioondoka ni wengine. Honda ilikuwa imekwisha kuondoka Desemba 2008. BMW ikatangaza kuondoka Julai 2009. Toyota ilitia saini mkataba mpya wa mashindano Agosti, na Novemba ikaaga. Na kuna kundi la tatu ambalo halitajwi sana, nalo ndilo linalotugusa zaidi. Timu tatu changa ziliingia 2010 zikiwa zimevutwa na ahadi ya kikomo cha pauni milioni 40: Lotus ya Malaysia, Virgin na HRT. Zilifika zikakuta ahadi imeyeyuka na wakubwa wanatumia fedha kama kawaida. HRT ilikufa mwishoni mwa 2012. Ile ya Lotus, ikiwa imebadili jina kuwa Caterham, ilikufa 2014. Virgin, iliyogeuka Marussia na kisha Manor, ilimaliza msimu wake wa mwisho 2016. Kikomo cha gharama kilikuja 2021, kikiwa dola milioni 145, wakati timu zile tatu hazipo tena kukifaidi.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa sisi wa huku ni kama timu zile tatu. Hatuna ubavu wa kutisha. Tukisema tutaondoka hakuna kikao kitakachoitishwa. Tunachoweza ni kuamini kanuni iliyoandikwa na kuweka fedha zetu juu yake, na kanuni ikigeuka, sisi ndio wa kwanza kuzama.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho aingie gereji ya dereva anayejigharamia, wiki moja baada ya Safari. Gari ni Mitsubishi Lancer Evolution au Subaru Impreza, aina ambazo zimebeba mashindano ya Kenya kwa miaka mingi. Limeinuliwa juu ya stendi, magurudumu yameegemezwa ukutani. Chujio la hewa likigongwa sakafuni linamwaga vumbi la mkondo wa Kedong, vumbi laini kama unga wa ngano, lile ambalo madereva huliita fesh-fesh, na linaloingia hadi chini ya zulia la gari na ndani ya plagi za nyaya. Fundi amelala chali chini ya gari, tochi mdomoni, anahesabu hasara: shokomzoba mbili zimevuja, bushi zimekwisha, redieta imetobolewa na jiwe, kinga ya chini ya injini imepinda hadi kugusa sampu. Hayo yote yana dawa. Mafundi wetu ni hodari wa kunyoosha na kuchomelea, na vipuri vya magari hayo vinatafutwa mpaka vinapatikana.

Kisicho na dawa ni karatasi. Ithibati ya gari hilo katika vitabu vya FIA ikifikia kikomo, injini inayonguruma vizuri na bodi iliyonyooka havimsaidii mwenyewe. Gari lile haliwezi tena kugombea pointi za dunia. Anaambiwa anunue gari la daraja la Rally3 au Rally2, tena kwa yuro. Akiuliza magari hayo nayo yatadumu katika kanuni kwa muda gani, hakuna anayemjibu kwa uhakika. Hakuna benki itakayomkopesha mtu juu ya mali ambayo thamani yake inategemea kikao cha watu wasiomjua.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tunadai yafuatayo.

Tunaanza na FIA. Tunataka kanuni yoyote kubwa ya kiufundi ikipitishwa isiguswe kabla ya muda wake kwisha, na mabadiliko yatangazwe misimu miwili kamili kabla ya kuanza kutumika. Tunaweka kando jambo moja tu, nalo ni usalama. Mwaka 1986 watazamaji watatu waliuawa katika rally ya Ureno gari la dereva Joaquim Santos lilipoacha barabara, na miezi miwili baadaye dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakafa katika rally ya Corsica. Magari ya daraja lao, Group B, yakapigwa marufuku kuanzia 1987. Peugeot ilikasirika, ikaenda mahakamani, ikashindwa, ikayapeleka magari yake Paris-Dakar na kushinda huko miaka minne mfululizo. Uamuzi ule ulikuwa sahihi hata kama ulimfukuza bingwa. Penye roho za watu, badilisheni kesho asubuhi, nasi tutawaunga mkono. Lakini msitumie neno usalama kupitisha mambo ya biashara.

Tunataka pia viti mezani. Leo kanuni zinajadiliwa kati ya shirikisho, wenye haki za biashara na viwanda. Wekeni wawakilishi wa nchi wenyeji na wa madereva wanaojigharamia, wenye kura, si wa kusikiliza tu. Rais wa sasa wa FIA, Mheshimiwa Mohammed Ben Sulayem, alikuwa bingwa wa rally za Mashariki ya Kati mara 14. Anajua jinsi vumbi linavyofanya kazi ndani ya injini, na anajua dereva wa nje ya Ulaya anavyohangaika. Kwake hatuhitaji kueleza sana.

Kuhusu kanuni mpya za kiufundi za WRC za 2027, tunazipokea kwa mikono miwili. Kikomo cha yuro 345,000 kwa gari, fremu ya mabomba ya chuma, na ruhusa kwa watengenezaji wadogo kuunda magari bila kungoja viwanda vikubwa, ni mambo ambayo tungeyaomba sisi wenyewe. Hofu yetu ni moja: yasije yakawa kama zile pauni milioni 40. Kiwanda kikija kesho kusema hakiwezi kubaki bila kikomo kupandishwa, tunaiomba FIA isimame. Aliyeunda gari kwa kuamini bei hiyo asigeuzwe mjinga. Na bei za vipuri nazo ziwekewe kikomo na kutangazwa, kwa sababu huku kwetu gari la bei nafuu lenye mkono wa springi wa bei ya kuruka linamshinda mtu katika mashindano mawili tu.

Jambo jingine: msiyaguse makali ya Safari. Zamani mbio hizi zilipita kilomita 5,000. Leo mikondo ya mashindano ni karibu kilomita 350, mingi ikizunguka Naivasha na majirani zake. Tunaelewa kwamba barabara haziwezi kufungwa nchi nzima, na tulifurahi mliposema waandaaji wapewe uhuru zaidi wa kupanga mikondo. Basi uhuru huo uwe wa kweli. Wasije wahandisi kuomba mawe yaondolewe kwenye mkondo wa Sleeping Warrior kwa sababu gari jipya limeundwa kwa barabara laini. Gari ndilo lifuate barabara.

Kwa viwanda tuna dai moja, na tunalisema bila kuzunguka. Kila timu ya kiwanda inayojisajili iweke dhamana ya fedha kwa muda wote wa kanuni. Ikibaki hadi mwisho, irudishiwe. Ikiondoka katikati, fedha hizo zigawiwe timu binafsi zinazobaki na nchi wenyeji zilizokwisha kuingia gharama. Kuondoka ni haki yenu. Hakuna anayeweza kumlazimisha mtu kucheza. Lakini msitumie kuondoka kama rungu la kila mwaka. Mkiwa mmeamua, semeni. Kama hamjaamua, kaeni kimya mjenge magari.

Kwa Serikali yetu ya Kenya, tunasema haya kama wananchi wanaolipa kodi. Mliirudisha Safari kwa fedha za umma, na tuliwaunga mkono. Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunaomba mkataba wa kuandaa mbio hizi uwekwe wazi, na useme bayana itakuwaje timu za daraja la juu zikipungua: je, ada itabaki ileile kwa mashindano yaliyopungukiwa? Punguzeni ushuru wa magari ya mashindano na vipuri vyake kwa madereva waliosajiliwa. Mwaka 2022 vijana wetu McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipelekwa katika ubingwa wa vijana wa dunia, na nchi nzima ikawafuatilia. Mpango wa aina ile uwe wa kudumu, kwa kuwa kijana hajifunzi barabara za Sweden na Ugiriki kwa msimu mmoja. Na waacheni mafundi wa Naivasha, Nakuru na Nairobi waingie kwenye eneo la matengenezo kwa kazi na kwa mafunzo, badala ya kutazama kutoka nje ya uzio.

Tunaomba majibu ya maandishi kutoka kwa kila mmoja wenu, kwa lugha inayoeleweka, kabla ya bendera ya Safari ijayo kupeperushwa. Majibu hayo tutayasoma hadharani Naivasha, mbele ya wote waliotutuma, na palipo na kimya tutasema pana kimya.

Tunaomba kuwasilisha.